Moja Haikuhesabiwa

Mimi ni mpimaji wa dagaa, Kibirizi.
Tangu alfajiri naning'iniza magunia kwenye ndoana,
nasubiri mshale uache kutetemeka, ndipo natamka.
Marehemu baba aliniachia mizani hiyo na neno moja:
jiwe la kupimia halina shangazi.

Bukuru alipotafuta mtu wa kuhesabu
hakwenda mbali.

Alikuwa amerudi kutoka Dodoma na saa ya ukutani,
daftari lililojaa majina ya maumivu,
na kamba mbili za kurukia. Vingine vyote
pacha wake Toyi alivichomelea nyuma ya karakana, Gungu:
bomba la maji likawa chuma cha kunyanyulia,
zege ndani ya ndoo za rangi likawa uzito,
upande huu kilo kumi na mbili, upande ule kumi na tatu,
mpaka nilipoleta mizani yangu, tukabandua kwa patasi
kidogo kidogo, kama mtu anayemenya yai la moto.

Chaki ya mikono hatukuwa nayo. Tulipaka unga wa muhogo.
Mama yao alifoka: wenzenu wanausonga, ninyi mnaupigia makofi.

Nyanzobe alikuja Jumatatu ya mvua,
fundi wa sare za shule, soko la Mwanga,
miguu imezoea pedali, mgongo haujazoea kunyooka.
Raundi ya pili akatapika. Akajifuta kwa kipande cha kaki,
akauliza: zimebaki ngapi?

Miezi minane.
Stesheni mpaka Mwanga, mlima mzima, mfuko wa mchanga begani,
bodaboda wakipiga honi, mmoja akimwambia apande bure.
Kuchuchumaa, kusimama. Kulala kifudifudi, kuinuka, kuruka.
Viganja vilichubuka, vikaota sugu, sugu zikapasuka;
uzi ukawa unanasa humo akishona,
na wateja wakiona tone jekundu kwenye kola nyeupe
walidhani ni mawese.

Mashindano yalikuwa Ujiji, uwanja wa shule.
Kasulu walikuja, Kibondo walikuja, na binti mmoja wa Tabora
aliyeshuka kwenye treni na viatu ndani ya mfuko wa sandarusi:
Kashindye. Mkimya. Shingo kama mchi.
Mwamuzi wa mstari wa Nyanzobe basi lake lilikwama njiani.
Wakaniteua mimi. Kashindye aliulizwa kama anakubali;
akanitazama kitambo, akasema: sawa.

Dakika kumi na mbili. Sheria ni fupi:
goti linyooke, kiwiko kifunge,
chuma kitulie juu ya kichwa. Ndipo nihesabu.

Sitini. Sabini na moja. Jua limekaa utosini.
Tisini, na midomo yake haina rangi,
unga umegeuka uji viganjani.
Mia na tatu akaachia chuma, vumbi likapanda,
akakitazama kama mtu anavyomtazama mdai mlangoni,
kisha akainama, akakishika.

Mia na kumi na nane.
Sekunde nne. Chuma kikapanda,
kikapita kidevu, kikapita paji la uso,
uwanja mzima unapiga kelele, Toyi ananiita kwa jina,
na kiwiko cha kushoto
kimepinda.
Kidogo. Upana wa kidole.
Mshale bado unatetemeka.

Nikasema: bado.

Saa ikalia.

Kashindye naye alikuwa na mia na kumi na nane,
ila alizifikisha mapema.
Gunia la mchele likapanda treni.

Wiki nzima Bukuru hakunisemesha.
Gungu walinitazama kama wanavyomtazama muuzaji
aliyeweka kidole kwenye mizani;
mimi kosa langu lilikuwa kukitoa.

Yeye alikuja Alhamisi. Gunia la mama mmoja wa Katonga
lilikuwa linaning'inia. Akasimama pembeni,
akangoja mshale utulie, nikatamka.
Ndipo akainua mkono wa kushoto, mtupu,
akakaza kiwiko mpaka kikaalika.

Hivi?

Hivyo.

Akaushusha. Shule zinafunguliwa Jumatatu, akasema,
na kola thelathini bado.