Baba Aulizia Mafuta

Kikulacho ki nguoni mwako.
Cha baba kilikuwa chini ya nguo, mgongoni,
pale jua la Taranaki lilipompiga miaka arobaini
akipigilia nguzo za uzio bila shati.
Doa jeusi, mfano wa kupe.
Kwa muda alidhani ni kupe kweli.
Alilikwangua kwa ukucha.

Mimi nafanya kazi Wellington, chumba kisicho na dirisha,
viatu vya plastiki, nywele ndani ya kofia ya karatasi.
Natengeneza matone.
Panga elfu moja mstari mmoja
ndipo upate unene wa unywele wa mtu.

Akapiga simu. "Eti mtanidunga mafuta?"
"Ndiyo, baba. Mafuta."
"Ya ng'ombe?"
"Ya maabara. Aina nne."
Akanyamaza, nikasikia mbwa nyuma yake.
Huyu ni mtu aliyelipwa kwa kilo ya mafuta
yaliyomo ndani ya maziwa, maji hayakuwa na bei.
Huwezi kumdanganya kuhusu mafuta.

Basi nikamweleza. Kuna mirija miwili, myembamba kuliko ukope.
Huku unapita spiriti uliyoyeyusha mafuta,
huku maji makali kama ya limau, na ndani yake maneno.
Vikikutana, mafuta hukimbia maji,
ndiyo tabia yake, wewe wajua,
hujikunja,
na katika kujikunja hufumbata neno.

"Neno gani?"
"La uvimbe wako. Walikata kipande, tukakisoma
herufi kwa herufi. Zimo alama thelathini na moja
ambazo hazipo kwingine mwilini mwako.
Askari wa damu yako wamepishana nazo kila siku
wakidhani ni jamaa."
"Kama hereni," akasema.
"Ndama wa jirani akiingia zizini kwangu
namjua kwa namba ya sikioni."
"Huyu aliingia bila hereni, baba.
Tunajaribu kumvisha."

Sikumwambia habari ya bechi ya tisa,
iliyoganda kama mtindi, tukaimwaga.
Sikumwambia kuhusu panya wa kizimba cha pili.
Wala sikumwambia kwamba chupa hazina majina.
Namba tu, na baridi ya kuunguza vidole.
Sijui ipi ni yake, na kanuni inanikataza kujua.
Jumanne ile nilitengeneza sita.
Zote sita nilizitengeneza za baba.

Muuguzi Merenia alimdunga begani, hospitali ya New Plymouth,
akamwuliza kama anaogopa sindano.
"Nimewadunga ng'ombe elfu kadhaa," akasema,
"hakuna hata mmoja aliyeulizwa."

Usiku homa ikampanda.
Alitetemeka, asema, kama mashine ya kutenga krimu,
ile ya zamani, yenye mguu mmoja mfupi.
Bado akaamka saa tisa kumtazama mtamba anayezaa,
blanketi mabegani, tochi mdomoni.
Asubuhi akaniuliza: "Homa ni nzuri au mbaya?"
Nikasema ni kama taa kuwaka katika nyumba ya mtu:
pengine kuna anayesoma.
"Pengine," akarudia. Neno hilo halikumpita.

Picha ya mapafu ni Alhamisi.
Nimefanya hesabu zangu, nimezifuta.
Tone dogo kiasi kile halijui jina la mtu,
halijui uzio, halijui kwamba mama alitangulia
na kwamba zizi lile lina mtu mmoja tu.
Hubeba ililopewa. Hufika, au halifiki.

Jana basi limeniletea kifurushi.
Bonge la siagi, limefungwa kwa gazeti la mkoa,
chumvi yake nyingi, kama apendavyo yeye,
na juu, kwa chaki ya buluu ya kuwekea kondoo alama:
HAYA NI YANGU.
ANGALIA KAMA YANABEBA KITU.