Kuganda

Kabla hujaipakia, itikise karibu na sikio.
Hivyo ndivyo baba alivyonifunza, nikiwa na miaka tisa,
nimesimama juu ya kreti la tufaha
mbele ya benchi lake, chini ya nyumba,
katika bonde la Bitterroot, Montana, theluji ikiziba kidirisha.
"Risasi nzima husema," alisema Halvor, baba yangu,
mtu ambaye mwenyewe hakusema sana.
Nikasikia: sss, sss,
mtama mkavu ndani ya mkebe.

Novemba hii nimezitikisa na hazisemi.
Visanduku viwili, ishirini kwa ishirini,
lebo kwa mwandiko wake, herufi zimesimama wima kama ua wa miti.
Nikitikisa, kimya. Nikigeuza, kimya.
Kaka yangu Dell anasema, piga tu, zitalia.
Namwambia nenda kapige zako.
Moto ukikamata nusu ya baruti
risasi hulala katikati ya mtutu,
na anayefyatua ya pili
hapati nafasi ya kuuliza kilichotokea.

Basi nikaitwaa nyundo ya plastiki,
nikabana ganda kichwani mwake, nikapiga gogo.
Pigo la kwanza, la pili.
La tatu, risasi ikachomoka
na nyuma yake hakikumwagika kitu.
Nilichokonoa kwa kijiti cha mti, kamwe si chuma,
polepole, kama unayemtoa kupe sikioni mwa mbwa,
mpaka likaanguka mezani:
donge moja, refu kama kiungo cha kidole,
limechukua umbo lote la ndani ya ganda,
hata bega lake, hata shingo,
na ubavuni doa la kijani, kutu ya shaba.

Maji.
Aliyaosha maganda, akayajaza yangali na maji.

Baba! Aliyekausha maganda katika oveni ya mama
kwenye bati lilelile la mkate,
mama akilalamika kwamba pai ya Jumapili inanuka vita.
Aliyepima punje arobaini na tatu na nusu
akishusha pumzi kando, asiisumbue mizani.
Aliyewahi kumwaga kazi ya usiku mzima
kwa sababu simu ililia akapoteza hesabu.

Daftari lake lilikuwa kwenye msumari wake.
Machi tisa: uzito, fataki, aina ya baruti.
Chini yake, Machi tisa tena.
Chini yake, Machi tisa.
Na pembeni, kwa penseli, neno peke yake:
*Nimekausha?*

Sisi tulikuja kujua Agosti,
alipoliacha gari darajani likinguruma
akarudi kwa miguu na ufunguo wa jirani.
Tukasema, imeanza.
Kumbe ilikuwa imeanza zamani, huku chini, gizani,
chembe moja ikishika mkono wa nyingine,
na juu ya ganda shaba inang'aa,
hakuna ambaye angejua kwa kutazama.

Nimevunja ishirini na tano.
Ya ishirini na sita, sijui kwa nini, ilisema.
Nikaitikisa tena. Sss.
Sikuivunja. Wala sitaipiga.
Iko mfukoni mwa koti, pamoja na risiti na vumbi la tumbaku yake.
Madonge nimeyaponda, nimeyatawanya
kwenye kitalu cha rubabu alichokipanda mama;
walisema zamani kwamba baruti ni mbolea.
Tutaona Mei.

Jana nilikwenda kumwona.
Theluji ilinikuta njiani, nywele zilikuwa zinachuruzika.
Alinitazama muda mrefu, kama mtu anayesoma mizani,
jina langu likamkwama mahali.
Akanyosha mkono, akashika ncha ya nywele,
akaisugua kati ya vidole viwili.

"Umekausha?"

Sikujua anauliza nini.
Nikamwambia, nimekausha, baba.
Zote.