Kandambili za Kuazima

Soli ya kushoto ilifungua mdomo karibu na mnara wa saa.
Nikaingia kwa fundi Kirumbe, kibarazani pa duka la nyuzi.
Akanipa kandambili, moja ya bluu,
nyingine iliwahi kuwa ya bluu.
"Zunguka mji, mama. Rudi saa kumi na moja."

Nimezaliwa Moshi. Sijawahi kuambiwa niuzunguke.
Mji huu nimeupita tu, kila siku, nikienda mahali.

Basi nikatembea kama mgeni, macho juu,
juu ya mabango ya vocha na ya mikopo ya haraka,
kule ambako ghorofa za zamani bado zina nyuso:
maua ya saruji, mwaka uliochongwa, 1938,
jina la mwenye duka lililoliwa na mvua
hadi ikabaki JI, na vivuli vya herufi.
Roshani ya mbao imeinama kama mtu anayesikiliza umbea.
Chini yake kijana anauza chaja,
na harufu ya bizari ikatoka dirishani
bila kuniuliza mimi ni wa dini gani.

Hekaluni Bwana Pragji alikuwa akimwagilia mrehani.
"Viatu hapo," akasema, hakugeuka.
Nikazivua kandambili za watu kwa heshima zisizostahili,
nikaziweka kando ya ngozi nyeusi zinazong'aa.
Sakafu ilikuwa na ubaridi wa mtungini.
Kengele ikalia mara moja:
mtoto wa shule, begi mgongoni, ameirukia,
ameigusa, ameshakimbilia tuisheni.
Sikujua niombe nini, wala kwa lugha gani.
Nikasimama tu mpaka jasho likakauka.
Nadhani hilo nalo lilipokelewa.

Nilipotoka, ya bluu haipo.
Mwizi gani huyu, wa mguu mmoja?
Bwana Pragji akacheka hadi ndoo ikamwagika.
"Mbwa wa pale kwa Singasinga. Ana ghala."

Nikaendelea peku, kandambili moja mkononi.
Lami inachoma. Nikaruka kivuli hadi kivuli:
mwarobaini, turubai, nguzo ya umeme,
mpaka kivuli kirefu cha msikiti,
ambapo alasiri ilikuwa imeshaswaliwa
na wanaume, peku kama mimi, wanatafuta viatu vyao mlangoni.
Hakuna aliyenishangaa.

Miguu ndiyo iliyokumbuka. Mimi nilikuwa nimesahau.

Nyuma ya ghala la kahawa, mama alisema,
uani kwa Shantaben,
bibi alipokuwa akifua mashuka kwa ujira wa mwezi,
mafundi walimwaga saruji mbichi
na yeye, wa miaka sita, akaikanyaga kusudi.
Bibi akamchapa. Shantaben akasema, uacheni.
Maisha yake yote mama aliusimulia unyayo ule
kama mtu anayesimulia kiwanja chake.

Sasa ni saluni. Dada mmoja, Ndeshi, chanuo mdomoni,
akanielekeza uani kwa kidevu.

Vigae.
Vyeupe, vinateleza, ukuta hadi ukuta.
"Tumeweka mwaka jana," akasema kwa fahari,
"sakafu ya zamani ilikuwa mashimo matupu."

Sikumwambia shimo mojawapo lilikuwa la nani.
Niliomba maji ya kunawa miguu, akanimiminia kwa kopo.
Nikapiga hatua mbili: maji, vumbi jekundu, vidole vyote.
"Usijali, nitapiga deki."
"Ngoja kwanza," nikasema.
Akangoja. Hakuuliza.
Kisigino kilikauka kwanza, kisha upinde,
kile kidole kidogo ndicho kilichokawia.

Nilichelewa. Mlima haukujitokeza siku nzima.
Fundi Kirumbe alinikabidhi kiatu,
uzi mweupe kwenye ngozi ya kahawia,
mishono imepinda kama meno ya mtoto.
Elfu tatu.
Na kandambili?
Nikampa iliyobaki.
Akaigeuza, akaguna, akaitundika msumarini
pamoja na wenzake wanne,
wote wa kushoto.