Kaunta Buku ya Kwaya Mbili

Nilikuwa natafuta hati ya kiwanja.
Sanduku la bati, chini ya mashuka ya wageni,
chini ya risiti za ada za Mwanamkasi tangu chekechea,
na hilo hapo: jalada jeusi,
mgongo mwekundu umeliwa na mende.
Nikakaa kwenye sakafu,
kiwanja nikakisahau.

Mwandiko ule! Herufi zimelala upande
kama baiskeli zilizoegemezwa ukutani Ngamiani siku ya Ijumaa.
Msichana gani huyu, mwenye haraka hivi,
anayeandika "moyo" mara tatu katika ukurasa mmoja
na bei ya dagaa pembeni?
Ananiambia Makorora mvua, Chumbageni jua kali.
Ananiambia shoga yake Nyamvula ameazima gauni, hajarudisha.
(Kweli. Hadi leo.)

Ukurasa wa mwisho hauna tarehe. Umeandikwa:
"Leo nimemwambia Semhando kwamba"
basi.
Hata nukta hakuna. Wino haukuisha, maana chini yake
ipo hesabu ya mkaa, na ya mafuta ya taa.

Kwamba nini?

Semhando ndiye aliyenioa. Yumo sebuleni,
anakoroma mbele ya taarifa ya habari.
Nikamwamsha: mwaka ule, kabla ya posa,
nilikwambia nini?
Akafumbua jicho moja. "Uliniambia mengi."
Akalifumba.

Miaka kumi na tisa.
Na asije mtu akasema sikuandika.
Dirisha la masjala, hospitali, saa moja na nusu asubuhi:
jina, jina la baba, umri, atokako.
Nimewaandika wa Muheza na wa Pongwe,
wa Mkinga waliobeba mgonjwa juu ya kitanda cha kamba.
Waliozaliwa nimewapa namba,
waliokufa nimewapigia mstari kwa rula.
Kalamu ya serikali ilifungwa kwa uzi mezani,
nami upande wa pili wa uzi.

Usiku nikavaa miwani yangu ya elfu tano,
ile ya barabara ya nane, nikakaa jikoni,
bada linapoa sufuriani,
nikafungua ukurasa mweupe
(si mweupe tena, umeshika rangi ya chai ya maziwa),
na mkono huu, wenyewe, ukaandika:

JINA: Mwanamvua Kibwana Shekue
JINSIA: KE
UMRI: 47
TATIZO:

Nilicheka peke yangu hadi paka akatoka nje.

Haya, tatizo. Tuanze hapo.
Tatizo ni goti la kushoto.
Tatizo ni kwamba mama alifariki mwezi wa Rajabu
na sikuandika hata mstari. Niliandika cheti chake tu,
kwa herufi kubwa, bila kukosea.
Tatizo, kulikuwa na alfajiri moja,
natoka zamu ya usiku, jua linachomoza mgongoni,
lori la mkonge likanipita, mbichi, unachuruzika maji,
na utingo juu yake amelala chali, mikono wazi,
kama vile barabara nzima ni kitanda chake.
Nikasema: hii nitaiandika.
Naiandika sasa. Uso wa utingo umenitoka.
Harufu ipo.

Nikarudi kwenye ukurasa ule.
Nilitaka kuimalizia sentensi. Ningeweza kubuni:
kwamba nampenda, kwamba sitaki,
kwamba nangoja kwanza barua ya chuo.
Lolote lingemwenea msichana yule.
Lakini maneno ni yake. Nimeyaacha mlango wazi,
kama mtu aliyeitwa na jirani mara moja
akaacha chungu motoni.

Chini ya hesabu yake ya mkaa nimeweka tarehe,
nimeandika gunia sasa ni shilingi ngapi,
na alama ya mshangao.
Halafu, herufi zikianza kulala kidogo:

"Nyamvula, nataka gauni langu."