Tarakimu Ishirini

Ukutani kwetu Makongo kuna saa mbili.
Ya jikoni inakwenda na Dar es Salaam.
Ya sebuleni nimeirudisha nyuma saa nzima
iende na huko aliko Mwombeki.
Jambo likitukuta sisi saa tatu,
kwake ni saa mbili, halijatokea.
Najua si hesabu.
Lakini usiku naitumia.

Koku, miaka mitano, ana ramani yake:
“Makongo, toa Ma, inabaki Kongo.
Ma ni mama.
Kwa hiyo Baba yuko hapahapa, kasoro mama.”
Nilicheka hadi nikakaa chini.
Kisha kuinuka kukanishinda.

Akipiga simu, siku mtandao ukiwa na huruma,
anauliza tangi limeacha kuvuja?
Mwenye nyumba amesemaje?
Nyuma ya sauti yake kitu kinagonga mabati.
Nasema moyoni, mvua.
Yeye hajasema ni mvua.

Barua hatuandikiani. Anachotuma ni umeme.
Kila wiki ya pili, ujumbe unaingia:
tarakimu ishirini, nne nne, mara tano,
hakuna salamu, hakuna jina.
Koku anazisoma kwa sauti ya darasani,
mimi nabonyeza mita,
taa zinakubali.
Basi, tumeongea.

Aprili zikapita siku kumi na moja kimya.
Redio ikasema mapigano, ikasema vilima,
ikasema askari wetu, bila kusema nani.
Mita ikaanza kupepesa jicho jekundu:
uniti tatu. Uniti moja na nukta.
“Si ununue tu, elfu tano haikuui,”
alisema Mama Tekla, nyumba ya pili,
naye mumewe yuko kombania moja na wangu.
Sikununua.
Nikinunua mimi, yeye atadaiwa nini?

Likaingia giza. Samaki wakalainika kwenye jokofu.
Tukala kwa mshumaa, Koku akafurahi,
akadhani ni sikukuu.

Alfajiri, tarumbeta ya Lugalo ilikuwa imenyamaza tu
nikasikia gari linapanda mlima kwa gia namba moja.
Landikruza ya kijani. Maofisa wawili, na padri.
Mapazia ya mtaa mzima yalishika pumzi.
Lilipofika getini kwetu lilipunguza mwendo,
dereva akachungulia namba ya nyumba,
likapita.
Nikasema asante.
Kwa sauti. Mbele ya mtoto.
Asante yangu ilikuwa bado hewani
ukelele wa Mama Tekla ulipoikuta.

Siku ya pili ya msiba nilipewa mchele.
Nilikaa kwenye mkeka, chini ya turubai,
ungo mapajani, wanawake wakiongea chinichini
kuhusu ndege itakayomleta, na lini.
Simu ikatetemeka kwenye pindo la khanga.
Niliitazama kwa jicho moja.
Nne, nne, nne, nne, nne.
Yu hai, basi. Au alikuwa hai
kwa muda wa kubonyeza.
Nikaifunga tena pindoni,
nikarudi kwenye ungo,
nikachambua mawe ambayo hayakuwemo.
Mama Tekla alinitazama kutoka godoro lake.
Sijui aliona nini.

Usiku, nyumbani, nilimmulikia Koku kwa simu.
Safari hii nilimwachia abonyeze yeye,
mikono yangu ilikuwa haisomeki.
Mita ikakataa: alikosea moja.
Tukaanza upya, polepole,
kama watu wanaovuka mto kwa mawe.
Jokofu likakohoa. Taa ikaja.
“Baba amewaka!” akapiga kelele,
“Baba amewaka!”
Nikamziba mdomo kwa kiganja.
Kisha nikatoka barazani, miguu mitupu,
nikazima taa ya nje,
ile inayoangaza upande wa kina Tekla.