Ile Ile

Mume wangu Luhende anatengeneza injini za mitumbwi pale Kirumba,
jirani na mizani ya dagaa,
na katika miaka thelathini na moja ya ndoa
sijamwona akibadilisha chapa ya kitu.
Sabuni ni ile ile ya mche. Betri za tochi, zile zile.
Wembe wake ukikosekana dukani kwa Mama Kundi
anaacha ndevu ziote mpaka wembe urudi.

"Ukichanganya spea," husema, "injini itakohoa katikati ya maji,
na katikati ya maji hakuna gereji."

Kwa hiyo mwaka ule tulipochanjwa Uviko,
sindano moja, bega la kushoto,
aliliandika jina la chanjo ukutani kwa kalamu ya risasi
juu ya namba ya muuza plagi.
Akasema: basi, hii ndiyo yetu.

Yetu haikurudi.

Ukaja msimu wa vifua,
vumbi la Julai likashuka kutoka kwenye mawe ya Igogo,
kila nyumba mtu anakoholea kwenye kanga,
tukaitwa zahanati, wazee na wenye sukari watangulie.
Mimi ninavyo vyote viwili.

Muuguzi, Nchambi, akatoa kichupa kwenye boksi la barafu.
Kifuniko cha kijivu.
Luhende akavaa miwani.
"Hii siyo ile."
"Siyo ile, baba."
"Ile iko wapi?"
"Haijaletwa."
"Tutasubiri."

Tutasubiri, yeye na nani?
Mimi nilikuwa nimeshapandisha mkono wa gauni.

Nchambi akakiweka kichupa chini.
"Baba, mwili si injini. Mwili una mlinzi,
na chanjo ni picha ya mwizi.
Kamera hii au kamera ile, sura inayopigwa ni ya mwizi yule yule.
Ila naye ana ujanja, kila msimu anabadilisha kofia.
Ndiyo maana tunaleta picha mpya."

Luhende akafikiri. Namjua akifikiri:
mkono unapapasa mfukoni kutafuta bisibisi.
"Na mlinzi akichanganyikiwa?"

Binti akacheka, kisha akaacha kucheka,
akasema anachokijua, akasema na asichokijua.
Kwamba mkono utauma, pengine na homa ya usiku mmoja.
Kwamba wengi wameshachanganya.
Kwamba kinga yangu itadumu miezi mingapi, hawezi kuniapia.
Hapo pa kutoapa ndipo nilipomwamini.

Nikakaa robo saa kwenye benchi, pamba begani,
Luhende kando yangu, mkono wake haujaguswa, kadi magotini.
Nikakumbuka mafuta ya kupikia.
Nilibadilisha zamani, yale yake yalipopanda bei,
namimina mapya kwenye dumu lile lile la njano.
Mwaka wa nne huu anasifia sato wangu:
"Unaona? Mafuta ni haya, mengine ni maji."
Nikaziba mdomo kwa kanga. Nchambi akadhani nakohoa.

Usiku bega likawa zito kama kasia lililolowa.
Akaniletea kitambaa cha maji moto, bila kuitwa,
akakikandamiza polepole, kama anavyogusa kitu asichokijua waya wake.
"Inauma kama ile?"
"Inauma kivyake."
Akanyamaza. Kwa mbali kivuko cha Kamanga kikapiga honi.
Alizitia kadi zetu kwenye mfuko mmoja wa nailoni:
yangu ina majina mawili, wino wa rangi mbili,
yake jina moja na mstari mtupu.

Asubuhi nafagia. Nikatazama ukutani.
Chini ya lile jina ameandika la pili,
herufi moja moja, amelinakili kutoka kwenye kadi yangu,
kwa kalamu ile ile,
na mbele yake alama ya kuuliza
ambayo ameifuta kidogo kwa kidole.