Droo ya Arobaini na Moja

Anakleta Vilhena anahesabu pingili za papasi
chini ya hadubini: kumi na moja, kumi na mbili,
anapoteza hesabu, anaapa kwa Kireno, anaanza upya.
Mimi naandika lebo. Wino mweusi,
herufi ndogo kama mayai ya chawa:
Mantikeira, mita elfu moja mia nane,
msitu wa ukungu, dume, bila jina.

Droo hii ina madume watupu. Sitini na watatu,
wamechomwa pini bega la kulia
tangu enzi za karani mmoja wa reli
aliyewanasa kwa kofia, akawalaza kwenye kibweta cha sigara.
Miaka sabini, wala jike hata mmoja.
"Ukoo gani huu," nauliza, "wa mabwana harusi bila bibi harusi?"
Hacheki. Anageuza kioo.

Lugha yangu nayo ina droo zake.
Kimulimuli tulimpanga na kiti, na kisu, na kikombe,
vitu vya kukaa vilipowekwa;
lakini akiwaka tu, sarufi hutahayari:
husemi kinawaka, unasema anawaka.
Jina likabaki kule, uhai ukahamia huku.
Labda kuainisha ndiko huko: kuweka, kisha kuona haya.

Mwezi wa kumi na moja tukapanda.
Erondina, atengenezaye jibini
katika nyumba ya mwisho kabla ya mawingu,
alitutangulia na fimbo, bila taa.
"Zima hiyo," akamwambia daktari. "Unawatukana."
Giza likatushika viwiko.
Kisha mwako mmoja wa manjano, mrefu wa pumzi;
na kwingine, mara mbili upesi, kijani.
"Hao ni wawili tofauti," akasema Erondina,
"hata wakivaa shati moja."

Njiani daktari alitueleza
kwamba nuru haikuanza na mapenzi.
Ilianza kwa mabuu, chini, penye tope na konokono:
kitaa cha mkiani kisemacho, mimi shubiri, niteme.
Mamilioni ya miaka ya onyo hilo,
mpaka mmoja akakua asiizime,
na mwenziwe akaitazama isivyopaswa, akaja.
Wako waliohamia mchana, wakaacha taa,
wakatafutana kwa harufu;
watoto wao bado huwaka,
kama mjukuu aotaye kwa lugha
ambayo baba yake hakumfundisha.

Erondina akapindua gogo.
"Mnamtafuta huyu?"
Mnene, mweupe-mweupe, bila bawa hata la kuazima,
taa mbili tumboni.
Nikasema: buu. Nimewaandikia lebo wengi kama yeye,
droo ya arobaini na saba, jenasi nyingine, mkono wangu mwenyewe.
"Buu gani huyo anayeposwa?"
Na kweli, mgongoni mwake dume ametua.
Pingili kumi na mbili. Sikuhitaji hadubini.

Asiyeruka havuki bonde.
Anakleta ameketi topeni, anasema peke yake:
alitoa mabawa akanunua mayai,
akabaki na mlima wake, na mlima wa pili ukabaki na wake,
kilele kwa kilele, na katikati joto la bondeni
lisilovukika.
"Na joto likipanda?" nikauliza.
Erondina akatazama chini, kwenye malisho.
Zamani, akasema, ukungu ulianzia mlangoni kwangu.
Sasa naupandia.

Leo nimefuta lebo mbili, nimeandika moja.
Jina la jenasi lina alama ya kuuliza;
Anakleta hataki niiondoe.
Nafasi ya jike nimeiacha wazi:
hatukumchukua.
Erondina alilirudisha gogo polepole, upande ule ule,
kama afungaye mlango wa chumba cha mzazi,
akafuta mikono kwenye sketi,
akatuuliza kama tunanunua jibini.